Somo: Mianzi ya Bustani na Jinsi ya Kuifanya Idumu



Kila msimu wa kupanda unapokaribia, swali huwa lile lile: miti ya kupandia maharagwe itatoka wapi? Ile ya msimu uliopita imeoza chini, mingine imeliwa na mchwa, mingine imeishia jikoni kama kuni. Basi mama anachukua panga na kwenda kukata tena. Akikosa karibu, anaenda mbali. Akiingia katika shamba au msitu wa mwenyeji bila kuomba, ugomvi unaanza, na ugomvi wa miti umeharibu ujirani mwema mahali pengi.

Katika somo hili tunazungumza juu ya mwanzi, ambao kwa Kirundi huitwa umugano. Tutaona kwa nini huoza upesi, namna ya kuukata, kuutayarisha, kuusimika na kuutunza ili udumu misimu mingi. Tutaeleza pia jambo moja la hatari: oili chafu ya magari, ambayo watu huiuza mjini kama dawa ya miti. Soma somo hili pamoja na jirani au kikundi chako cha bustani. Asiyejua kusoma asomewe.

1. KWA NINI MTI WA KUPANDIA NI JAMBO KUBWA

Katika nchi za Maziwa Makuu watu hulima maharagwe ya aina mbili: yale mafupi na yale yanayopanda. Yanayopanda yanafaa sana mahali penye ardhi ndogo, kwa sababu hutumia nafasi iliyo juu. Yakipata mbolea, mvua na miti mirefu ya kutosha, huweza kutoa mavuno mara 2 hadi 3 ya yale mafupi. Yakikosa mti hulala chini, majani huoza na mavuno hupotea. Nyanya nazo ni hivyo hivyo: tunda likigusa udongo uliolowa, huoza.

Kwa hiyo mtu mwenye bustani ndogo kando ya nyumba hawezi kudharau mti wa kupandia. Ukianguka katikati ya msimu, wakati mzigo wa maganda ni mkubwa, unaangusha chakula chako.

2. MWANZI NI NYASI, SI MTI

Mwanzi ni wa jamii ya nyasi, pamoja na mahindi, muwa na mpunga. Pale panapovimba panaitwa kifundo. Sehemu iliyo kati ya vifundo viwili inaitwa pingili, na kwa mianzi mingi ndani ya pingili ni uwazi mtupu. Kumbuka maneno haya mawili, kifundo na pingili, kwa maana tutayatumia mara nyingi.

Mwanzi hutoka ardhini ukiwa na unene wake wote. Katika miezi michache tu hufikia urefu wake kamili, na baada ya hapo hauongezeki unene wala urefu. Kinachoendelea ni kukomaa, yaani kuta zake zinakuwa ngumu. Kazi hiyo huchukua miaka 3 hadi 4. Ndiyo sababu mwanzi wa mwaka mmoja unaweza kuonekana mkubwa kama wa miaka minne, lakini ukiukata unakauka, unakunjamana na kuliwa na wadudu upesi.

Ngozi ya nje ya mwanzi ni ngumu na ina nta. Maji na dawa havipiti hapo kwa urahisi. Vinaingia kwenye ncha zilizokatwa, na kwenye ukuta wa ndani ikiwa mwanzi umepasuliwa. Wadudu na ukungu nao hupita milango hiyo hiyo.

Katika sehemu za chini kama Bujumbura na bonde la Imbo, mwanzi unaoonekana zaidi ni ule mnene, wa kijani au wa manjano, unaopandwa na watu. Ni mwanzi mzuri, lakini una wanga mwingi, na wadudu wanaupenda. Juu milimani kuna mwanzi wa porini, katika msitu wa Kibira. Kibira ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1980. Huko usikate kamwe.

3. MAADUI WATATU

Mwanzi usiotayarishwa, ukichomekwa ardhini na kunyeshewa mvua, kwa kawaida hudumu mwaka 1 hadi 3. Mwanzi uleule, ukiwa juu ya ardhi na chini ya paa, huweza kudumu miaka 4 hadi 7. Tofauti hiyo inatokana na mahali ulipowekwa. Tuwajue maadui wanaoleta tofauti hiyo.

Wa kwanza ni ukungu. Huu ndio unaoozesha. Unahitaji maji na hewa pamoja. Kwa hiyo mti hauozi kwanza kule chini kabisa, bali huoza pale unapotoka ardhini, usawa wa udongo, mahali maji na hewa vinapokutana. Chimbua mti wako uliovunjika utaona: ncha ya chini bado ngumu, juu bado mgumu, na hapo katikati umekuwa laini kama sifongo.

Wa pili ni mchwa. Anapanda kutoka ardhini, anajenga njia yake ya udongo juu ya mwanzi au anaingia ndani ya uwazi wa pingili, mahali usipomwona. Siku unapomgundua, ganda tu limebaki.

Wa tatu ni kidudu kidogo cheusi au cha kahawia kinachotoboa matundu kama ya sindano, na chini yake unaona unga mweupe. Kidudu hiki ni ndugu wa karibu wa dumuzi wa mahindi, yule aliyeonekana Tabora, Tanzania, na kupewa jina la Scania, na ambaye alifika hata Burundi katika miaka ya 1980. Wote wawili ni wa ukoo mmoja. Dumuzi anafuata wanga ulio katika punje ya hindi, na ndugu yake anafuata wanga ulio katika mwanzi. Ukiuondoa wanga, mwanzi haumvutii tena.

4. KUKATA KWA WAKATI WAKE

Kwanza omba ruhusa. Mianzi mingi ina mwenyewe: mtu, kanisa, shule au serikali. Mwone mwenye mali au mkuu wa mtaa, na zungumza na kamati ya kambi kabla ya kutoka. Ukiruhusiwa, kata kwa namna ambayo mwenyewe atapenda urudi mwaka ujao.

Usikate mianzi iliyo kwenye ukingo wa korongo au mto. Mizizi yake inashika udongo. Waliokaa Bujumbura wanajua jinsi mto Ntahangwa ulivyokula kingo zake na kuangusha nyumba za watu. Mianzi ya mahali kama hapo ina kazi kubwa kuliko kubeba maharagwe.

Chagua mwanzi uliokomaa. Utaujua hivi:
- Hauna tena maganda ya utotoni kwenye vifundo vya chini.
- Rangi yake imefifia, na una madoa ya kijivu au meupe ya kuvu juu ya ngozi.
- Ukiugonga kwa mgongo wa panga unatoa sauti kavu na kali. Mchanga unatoa sauti nzito ya maji.
- Kwa kawaida uko katikati ya kichaka. Michanga iko pembeni.

Wakati mzuri wa kukata ni mwanzo wa kiangazi, mwezi wa 6 na wa 7. Wakati wa mvua kichaka kimetoa machipukizi na kimetumia wanga wake mwingi kuyakuza. Kwa hiyo mvua zinapokwisha, wanga ulio ndani ya mianzi mikubwa umepungua. Wazee wengi husema pia tukate mwezi unapopungua. Mwenye desturi hiyo aifuate, lakini asisahau kwamba umri wa mwanzi na majira ya mwaka ndivyo vinavyoamua.

Kata juu kidogo ya kifundo cha kwanza au cha pili kutoka ardhini. Ukikata katikati ya pingili, kisiki kinabaki kama kikombe. Mvua inakijaza maji, mizizi inaoza, na mbu wanazaliana humo.

Usichomeke ardhini mwanzi mnene ukiwa bado mbichi. Unaweza kutoa mizizi na kuota, na hapo utakuwa umepanda mwanzi katikati ya nyanya zako, unaokunywa maji yao.

5. KUONDOA WANGA BILA KUNUNUA DAWA

Ziko njia tatu zinazofaa watu wasio na fedha.

Njia ya kwanza: kuuacha umesimama. Ukishaukata, usiukate matawi wala majani. Uegemeze wima palepale kwenye kichaka, ncha ya chini ikiwa juu ya jiwe. Uache wiki 2 hadi 4. Majani yanaendelea kuishi kwa muda na yanatumia wanga uliobaki. Yakishakauka na kuanguka, ondoa matawi na upeleke mwanzi nyumbani. Njia hii haihitaji maji wala moto. Kwa watu wa kambini tunaiona kuwa bora kuliko zote, ila lazima mwenye kichaka akubali.

Njia ya pili: kuloweka. Lowesha mianzi katika maji kwa wiki 4 hadi 12. Maji yanayotembea ni bora, kwa sababu yanachukua wanga na kwenda nao. Maji yaliyotuama hunuka, na yanapaswa kubadilishwa. Mwanzi huelea, kwa hiyo ukandamize kwa mawe, na utoboe kila pingili ili maji yaingie ndani. Angalia mambo matatu. Usiloweke mahali watu wanapochota maji ya kunywa. Usitumie maji ya bomba la kambi, kwa maana hayo ni ya kunywa na kupikia. Na usisimame ndani ya maji yaliyotuama kwa muda mrefu, wala usiwaache watoto wafanye hivyo, kwa sababu ya kichocho.

Njia ya tatu: moshi. Fito nyembamba zinaweza kutundikwa juu ya mafiga ya jiko la nje kwa wiki kadhaa. Moshi unaukausha mwanzi na kuweka masizi ambayo wadudu hawayapendi. Ziweke juu vya kutosha zisishike moto.

Njia yoyote utakayotumia, maliza kwa kukausha. Simamisha mianzi kivulini, mahali penye upepo, kwa wiki 4 au zaidi. Usiianike kwenye jua kali, itapasuka.

Wengine huchoma ncha ya chini hadi iwe nyeusi. Ukiichoma polepole na sawasawa, husaidia kidogo. Ukiichoma kwa haraka inapasuka, na mpasuko ni mlango wa maji na mchwa. Majivu yaliyomwagwa kuzunguka mti nayo huzuia mchwa kidogo, lakini mvua moja kubwa inayaosha.

6. ZONE INDUSTRIELLE: KIPI UNUNUE, KIPI UKIACHE

Watu wanaopata ruhusa ya kwenda Bujumbura wengi hupita Zone Industrielle, ile sehemu ya viwanda na maghala ambayo wengine huiita Quartier Industriel. Wengine huenda kwa mafundi wa magari wa Buyenzi, kata ambayo Kiswahili ni lugha ya nyumbani. Huko chuma na mapipa hupatikana, na oili chafu iliyotolewa kwenye injini pia. Mtu anaweza kukuambia, "Chukua bidoni hii, pakaa miti yako, haitaoza kamwe." Ndugu, tafadhali sikiliza kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, haifanyi kazi unayoitaka. Tumesema ngozi ya mwanzi ina nta na haipitishi kitu. Oili inabaki nje, jua linaikausha na mvua inaiosha. Pale ndani, mahali mchwa na ukungu wanapofanya kazi, haifiki.

Pili, ni sumu. Oili iliyotumika katika injini ina vipande vidogo vya madini yaliyosagika na mabaki ya moto wa injini, na baadhi ya vitu hivyo huleta kansa. Inapita kwenye ngozi ya mikono yako unapoipaka. Ikioshwa na mvua inaingia katika udongo wa bustani, na bustani yako ni mita chache tu, ndiyo unayolima kila msimu, ndiyo mchicha wa watoto unakotoka. Udongo ukishaingia oili huwezi kuufua kama nguo. Oili ikifika kwenye kisima au kijito, inaharibu maji ya wote. Na mti uliopakwa oili ukiisha kuoza, mtu atauchukua kuwa kuni, na moshi wake utaingia jikoni.

Kuna dawa nyingine ambazo katika nchi nyingi hutumiwa viwandani kwa nguzo za umeme na za simu, zenye shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu kali. Ukiona kipande cha nguzo chenye rangi ya kijani isiyo ya kawaida, usikitumie bustanini, na usikichome hata kidogo. Majivu yake yana sumu.

Wengine wamesikia habari za chumvi ya boraksi na asidi ya boriki. Hizi kweli hutumiwa na mafundi wa mianzi duniani, na zinazuia kidudu kitoboaji. Lakini zinayeyuka katika maji. Mwanzi uliotiwa dawa hiyo unafaa ndani ya nyumba au chini ya paa. Ukiuchomeka bustanini mvua inaitoa dawa yote, na fedha yako imekwenda na maji. Tena boroni ikizidi katika udongo inaunguza mimea.

Pipa lililobeba kemikali lisitumiwe kwa maji ya kunywa, hata likioshwa mara kumi. Kama hujui lilibeba nini, liache.

Sasa, kipi ununue? Tafuta vipande vifupi vya nondo, yaani fer à béton, vilivyobaki kwenye ujenzi au kwa wauza vyuma vikuukuu. Kipande cha sentimita 60 hadi 80 kinatosha. Tafuta pia mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa, kwa fundi yeyote wa baiskeli. Vitu hivi viwili vitakufaa kuliko bidoni ya oili, na katika sehemu inayofuata utaona kwa nini.

7. VIATU NA KOFIA

Wajenzi wa mianzi wa Amerika ya Kusini wana msemo kwamba nyumba ya mianzi inahitaji viatu vizuri na kofia nzuri. Viatu vizuie maji ya chini, kofia izuie maji ya juu. Ni hivyo hivyo kwa bustani.

Viatu. Kwa nguzo kubwa, zile zinazobeba uzito wa kichanja au kivuli cha kitalu, usiuzike mwanzi. Pigilia kipande cha nondo ardhini, nusu yake ndani na nusu nje. Toboa kifundo cha chini cha mwanzi kwa msumari mrefu au kwa chuma cha moto, kisha uvike mwanzi juu ya nondo kama mguu unavyovaa soksi. Weka jiwe bapa au kipande cha tofali la kuchoma chini yake, ili ncha ya mwanzi ibaki juu ya udongo sentimita 5 hadi 10. Sasa ule mstari wa hatari, usawa wa udongo, uko kwenye chuma. Mchwa naye akipanda, njia yake itaonekana wazi na utaibomoa kwa mkono.

Usipopata nondo, zika kipande kifupi cha mti mgumu unaodumu ardhini, kisha ufunge mwanzi ubavuni mwake, juu ya udongo. Kipande kikioza, unabadilisha kipande tu. Nguzo nzima inabaki.

Kwa fito nyembamba za maharagwe hatuwezi kuwa na nondo kila moja. Hizo zichomeke ardhini, lakini hakikisha ncha ya chini inaishia kwenye kifundo kizima, ili udongo na mchwa wasiingie kwenye uwazi. Chonga ncha pembeni ya kifundo, usikitoboe. Na usimwagie maji juu ya mti, mwagia mmea.

Kofia. Ncha ya juu nayo ikatwe juu kidogo ya kifundo. Pingili iliyo wazi juu ni kikombe: inajaa maji, inaoza, inazaa mbu. Ikiwa huwezi kukata kwenye kifundo, funika kwa kopo kuukuu au uzibe kwa udongo wa mfinyanzi. Fito za kulala juu ya kichanja zilazwe kwa mteremko kidogo, maji yasitulie.

8. KUFUNGA, SI KUPIGILIA

Msumari unapasua mwanzi, na mpasuko unaingiza maji. Funga. Kata mpira wa baiskeli kuwa kamba za upana wa vidole viwili, uvute kwa nguvu na kuzungusha mara nne au tano, kisha uchomeke mwisho chini ya mizunguko. Mpira unavuta na kuachia mwanzi unapovimba kwa mvua na kusinyaa kwa jua. Waya haufanyi hivyo: unakata ngozi ya mwanzi. Funga karibu na kifundo, kwa maana hapo ndipo mwanzi una nguvu na kamba haitelezi.

9. BAADA YA MAVUNO

Hapa ndipo wengi tunapopoteza mianzi yetu. Maharagwe yakishavunwa, miti inaachwa imesimama miezi miwili, mitatu, ikinyeshewa bure. Fanya hivi siku ya kuvuna au kesho yake:

- Ng'oa miti yote. Usiivute kwa kuitikisa, itavunjika. Izungushe kwanza.
- Ondoa udongo na mabaki ya mimea. Mabaki yenye ugonjwa yatolewe bustanini, yasirudi msimu ujao.
- Kausha kwa siku kadhaa kivulini.
- Laza chini ya paa au chini ya upenu, juu ya mawe, isiguse ardhi.

Mti ulioanza kuoza chini usitupwe. Kata sehemu iliyooza, juu ya kifundo. Mti wa mita 2 na nusu uliobeba maharagwe sasa una mita 2: utabeba nyanya. Ukikatwa tena utakuwa wa pilipili au wa kivuli cha kitalu. Mwisho utakuwa kuni. Lakini kabla ya kuutia motoni, upasue. Pingili iliyofungwa hewa ndani hulipuka kwa moto na kurusha makaa. Watoto wameketi karibu.

10. TUFANYE HESABU

Chukua tuta la urefu wa mita 5, lenye mistari 2 ya maharagwe. Kila mstari una vishimo 20, na kila kishimo kina mti wake. Tuta moja ni miti 40. Matuta matatu ni miti 120.

Mwanzi mmoja mnene unaweza kutoa vipande 3 vizuri vya mita 2 na nusu, na kila kipande kikipasuliwa mara nne unapata fito 12. Kwa hiyo miti 120 ni mianzi 10.

Ikiwa unaitupa kila msimu, na unalima misimu miwili kwa mwaka, unahitaji mianzi 20 kila mwaka. Ikiwa unaitayarisha na kuihifadhi hadi idumu misimu minne, unahitaji mianzi 5 kwa mwaka. Mianzi 15 imebaki kichakani kwa jirani yako, na safari nyingi za kubeba mzigo kichwani umeziepuka.

Kumbuka kwamba fito iliyopasuliwa huoza upesi kuliko mwanzi mzima, kwa sababu ukuta wa ndani uko wazi. Kwa hiyo iko njia nyingine. Kwa kila tuta simika nguzo 3 za mwanzi mzima juu ya nondo, funga fito 2 juu yake kuunganisha nguzo, tia mihimili ya kuegemeza pembeni upepo usiziangushe, kisha teremsha kamba 40 za katani au za nyuzi za magunia, moja kwa kila mmea. Matuta matatu yatahitaji nguzo 9 na fito 6, yaani vipande 15. Hivyo ni mianzi 5 tu, na utaitumia kwa misimu mingi. Kinachobadilishwa kila msimu ni kamba.

11. JARIBIO LA KIKUNDI

Msituamini kwa maneno tu. Jaribuni wenyewe katika tuta moja, kwa miti 20:

- Miti 5 mibichi, iliyochomekwa siku ya kukatwa. Itie alama moja ya kisu.
- Miti 5 iliyokaushwa kivulini wiki 4. Alama mbili.
- Miti 5 iliyoachwa kichakani na majani yake, kisha ikakaushwa. Alama tatu.
- Miti 5 ya namna hiyo ya tatu, lakini imevikwa juu ya nondo. Alama nne.

Siku ya kwanza ya kila mwezi mtu mmoja apite na daftari. Asukume kila mti kwa mkono, aangalie usawa wa udongo, atafute unga wa kidudu na njia ya mchwa. Aandike tarehe na alichokiona. Baada ya misimu miwili hesabuni iliyobaki. Daftari hilo litawafundisha juu ya udongo wenu na mchwa wenu.

KUMBUKA

- Omba ruhusa kabla ya kukata. Kata uliokomaa, mwanzo wa kiangazi, juu ya kifundo.
- Ondoa wanga, kisha kausha kivulini.
- Usipake oili chafu. Inaharibu udongo na haizuii kuoza.
- Viatu chini, kofia juu. Funga, usipigilie.
- Ng'oa na uhifadhi mara baada ya mavuno.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mti wako wa msimu uliopita uliharibikia wapi: juu, usawa wa udongo, au chini kabisa? Adui alikuwa nani?
2. Kwa nini mwanzi mchanga huliwa na wadudu kuliko uliokomaa?
3. Mtu anakuuzia bidoni ya oili chafu kwa bei ndogo. Utamjibu nini?
4. Katika sehemu yetu, mianzi ni mali ya nani? Nani kati yetu atakwenda kuzungumza nao, na tutawapa nini kama shukrani? Pengine ni mbegu, pengine ni siku moja ya kazi shambani mwao.
5. Tukipewa mahali pa kupanda kichaka chetu wenyewe, tutangoja miaka kadhaa kabla ya kukata. Je, tukipande hata kama wengine wetu watakuwa wamerudi nyumbani wakati huo? Kitawafaa nani?

Swali la mwisho lijadiliwe kwa utulivu. Tunawatakia bustani njema.